Roki kwa Midomo ya Watoto

La, la, do, la, so, fa, mi. Mpe mwanakwaya yeyote aliyelelewa na do-re-mi azisome sauti hizo saba, na kabla hajafika mi watoto walio karibu watakuwa wameshadakia "po-po-po". Ni "Seven Nation Army" ya The White Stripes, wimbo wa mwaka 2003 ambao wengi wanaouimba hawajawahi kuusikiliza wenyewe. Mashabiki wa Club Brugge walianza kuuimba walipoifuata timu yao Milan mwaka huohuo, Waitaliano wakaufanya wao kwenye Kombe la Dunia la 2006, na tangu hapo umekuwa mali ya majukwaa ya viwanja vya mpira.

Kwa mwalimu mwenye watoto kumi na mbili, matarumbeta yenye mabonde na ombi la "tupige kitu cha sasa", huu ndio wimbo wa kuanzia. Tutautumia kama mfano karibu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila mtego wa kupangia roki vyombo vya kupuliza vya shaba.

Mtego mkubwa tuuseme mapema: mipango mingi ya roki kwa watoto hufia midomoni. Mpiga gitaa anaweza kurudia kipande kilekile dakika nne huku anatafuna bablishi. Mtoto wa mwaka wa pili kwenye tarumbeta ana pengine dakika moja na nusu ya sauti safi mfululizo. Baada ya hapo midomo inachoka, anaanza kukikandamiza kipulizio usoni, sauti inapanda juu ya wenzake, inapasuka, na mwisho inatoka hewa tupu. Wazazi wanadhani kasahau. Hajasahau, kaishiwa. Kwa hiyo ukikaa na karatasi, cha kwanza kuandika ni mapumziko: nani ananyamaza wapi, kwa vipimo vingapi (kipimo ni fungu la mapigo manne). Noti zitajaa zenyewe kwenye nafasi zinazobaki.

(Kiswahili kimetutania hapa. Anayepanga muziki ni mpangaji, na kodi za gitaa, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zinamngoja. Lakini kodi ndiyo sehemu rahisi: roki nyingi ina nne tu, na wimbo wetu una sehemu nzima inayoishi kwa mbili.)

Ufunguo wa gitaa haukufai

Rekodi iko kwenye E maina, yaani ufunguo wa huzuni unaojengwa juu ya noti E. Gitaa hupenda E na A kwa sababu nyuzi zake zimefungwa huko. Vyombo vya shaba vimezaliwa kwenye flati: tarumbeta B flati, tromboni B flati, tuba B flati au E flati, honi F au E flati. Ukinakili ufunguo wa rekodi bila kufikiri, hiki ndicho kinachotokea.

Mpiga tarumbeta wa B flati anaandikiwa toni moja juu, kwa kuwa chombo chake husikika toni moja chini ya kilichoandikwa, kwa hiyo E maina kwake ni F shapu maina. Kile kipande cha gitaa kinachojirudia, ambacho wanamuziki hukiita rifu, anakisoma F shapu, F shapu, A, F shapu, E, D, C shapu. Ziangalie mbili za mwisho. D iliyo chini ya mistari ni vali (vitufe vya kubonyeza) ya 1 na ya 3. C shapu inayofuata ni vali zote tatu. Hizo ni kati ya noti za tarumbeta zinazopanda zaidi juu ya sauti yake halisi, na sababu yake ni ya kifundi: bomba la kila vali limepimwa kwa ajili ya chombo kikiwa na urefu wake wa kawaida. Ukishakirefusha kwa vali moja, bomba la vali unayoongeza linakuwa fupi kuliko linavyotakiwa, na ukizibonyeza tatu kwa pamoja pengo linaongezeka. Mpigaji mzoefu husukuma bomba dogo la vali ya tatu kwa kidole cha pete ili kulipa deni hilo. Mtoto wa miaka kumi hafiki, au anafika na kukuta bomba limeganda tangu lilipoletwa.

Tromboni ndiyo mbaya zaidi. Rifu ya E maina inaishia C na B, yaani nafasi ya 6 na ya 7 ya bomba la kuvuta. Mkono mfupi haufiki nafasi ya 7. Mtoto ataegemea mbele, kipulizio kitahama midomoni, na noti muhimu kuliko zote, ile ya kutua, itatoka nusu toni juu au haitatoka.

Pandisha wimbo nusu toni tatu, uwe G maina. Tarumbeta sasa inasoma A, A, C, A, G, F, E. Hakuna shapu wala flati, noti zote ziko ndani ya mistari, na vidole ni vya aina tatu tu: 1 na 2 pamoja, wazi, na 1. Tromboni inapiga G, G, B flati, G, F, E flati, D, ambazo ni nafasi za 4, 4, 1, 4, 1, 3, 4. Hakuna anayenyoosha mkono kupita nusu. Na tuba ya B flati? Vidole vyake ni vilevile vya tarumbeta, noti kwa noti. Unaweza kumkalisha mtoto wa tuba mbele ya mtoto wa tarumbeta wakafundishana kwa kuangaliana mikono.

Wapo watakaokushauri D maina kwa kuwa ni toni moja tu kutoka ufunguo wa rekodi. Ijaribu kwenye karatasi kwanza: tarumbeta inashuka hadi B iliyo chini kabisa ya mistari, ambako sauti ya mtoto ni upepo, na tromboni inarudi nafasi ya 6. F maina nayo inamtupa tarumbeta kwenye ile D ya 1 na 3, na tromboni kwenye C ileile. Kwa wimbo huu G maina haina mpinzani. Kwa wimbo mwingine utakuwa ufunguo mwingine, ila njia ya kuutafuta ni hiyohiyo: andika vidole na nafasi za rifu nzima chini ya kila noti, kwa kila chombo, kisha uangalie rifu inatua wapi. Noti ya kutua ikiwa mbaya, hama.

Noti tatu za ugomvi

Rifu ina vipimo viwili vya mapigo manne. Kipimo cha kwanza kinaanza na noti ya robo yenye nukta (pigo moja na nusu), kisha thumuni (nusu pigo), na mapigo mawili yanayobaki yanabebwa na noti tatu: B flati, G, F. Kipimo cha pili ni nusu mbili, za mapigo mawili kila moja, E flati na D.

Hizo tatu ndizo zinazogombanisha vikundi. Wengi huziandika kama utatu, yaani noti tatu zinazogawana mapigo mawili sawasawa. Wengine huziandika thumuni yenye nukta, thumuni yenye nukta, thumuni. Kwa masikio ya kawaida zinakaribiana sana. Kwa mwendo wa mapigo 112 kwa dakika, noti ya tatu inatofautiana kwa karibu sehemu 9 za mia za sekunde. Tatizo linakuja pale nusu ya watoto wanaposoma ulichoandika na nusu nyingine wanapopiga walichokisikia uwanjani. Mwanya huo mdogo unasikika kama mtu amejikwaa ngazini, tena kila baada ya vipimo viwili.

Chagua moja na uifundishe kwa mdomo kabla hujagawa karatasi. Sisi tunapendelea utatu, kwa sababu watoto wa huku tatu juu ya mbili wanaijua tayari kutoka kwenye ngoma. Macho ndiyo yasiyoijua. Miguu ikanyage mapigo mawili, mikono ipige makofi matatu, halafu midomo iseme "do-la-so" juu ya makofi. Dakika tano zinatosha. Ukianza na karatasi, utatumia wiki mbili kusahihisha kitu ambacho mwili ulikuwa unakiweza tangu mwanzo.

Halafu zile nusu mbili za kutua. Uzi wa gitaa ukichunwa, sauti huanza kufa papo hapo; shaba haifi mpaka pumzi iishe. Ukiandika nusu kamili, watoto wataishikilia kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, watachoka bure, na watachukua pumzi pale ambapo hukuwapa, yaani juu ya noti ya kwanza ya duru inayofuata. Pumzi hiyo ya wizi inachelewesha kila duru kidogo, mwendo unalegea, na kiongozi anaanza kumlaumu mpiga dramu ambaye hana kosa. Dawa iko kwenye kalamu: E flati iache nusu yenye alama ya kupungua, na D iandike robo yenye nukta ikifuatiwa na pumziko la thumuni. Hapo sauti inakatwa pamoja, pumzi inaingia pamoja, na rifu inapata ule ukali ambao gitaa linaupata bila kuombwa.

Wapiga tromboni wana jambo lao la ziada. G ya nafasi ya 4 na B flati ya nafasi ya 1 ziko kwenye ngazi moja ya sauti ya asili, hivyo bomba likivutwa bila ulimi kugonga, noti zote za katikati zinasikika zikiteleza. Kila noti igongwe na ulimi. Utelezo wenyewe uweke akiba: kwenye mzunguko wa mwisho kabisa, kutoka D nafasi ya 4 hadi F nafasi ya 1, andika mstari wa kuteleza na uwaachie wafaidi. Ukiuruhusu mapema, hutaweza kuuzima tena.

Do na so, bila mi

Wimbo huu hauna kiitikio cha kuimbwa. Mahali pake rifu inarudi kwa sauti kubwa. Kabla yake kuna daraja, kipande cha kuvukia, ambapo gitaa linasukuma kodi mbili, na kwenye ufunguo wetu mpya hizo ni B flati na C. Ni kodi za noti mbili, do na so, bila mi katikati.

Hapa ndipo waliokulia kwenye kwaya na tarumbeta za kanisani wanapokosea, na wanakosea kwa sababu ya kuwa wazuri. Mkono uliozoea sauti nne unaona nafasi tupu kati ya B flati na F na unaijaza D. Ukishaijaza, roki imegeuka tenzi. Mi ndiyo inayosema furaha au huzuni. Gitaa lenye mkwaruzo huiacha kwa makusudi, kwa sababu mkwaruzo unaichafua na kwa sababu uwazi ule ndio unaoleta nguvu. Vivyo hivyo, mwalimu wa kwaya alikukataza sauti mbili kwenda sambamba kwa umbali wa do na so. Hapa ziende sambamba, zote, bila aibu.

Tarumbeta ziandikie C na G kwa kodi ya kwanza, vali wazi zote mbili, kisha D na A. Tromboni usiziweke chini, maana C ya chini ni nafasi ya 6, zipandishe. Tromboni ya kwanza B flati kwenda C ya juu, nafasi ya 1 kwenda ya 3. Ya pili F kwenda G, ya 1 kwenda ya 4. Tuba hana pa kukimbilia: C yake ya chini ni vali ya 1 na 3 na itapanda. Kama tuba yenu ina vali ya nne, atumie hiyo peke yake. Kama haina, avute bomba kuu la vali ya kwanza kidogo kabla ya wimbo kuanza. F na B flati haziguswi kwa kuwa ni wazi, na G, E flati na D zitashuka kwa kiasi ambacho kwenye sauti ya chini vile ni mwanamuziki tu atakayekunja uso.

Kusawazisha do na so watoto wanaweza wenyewe. Wawili washike noti hizo kwa sauti ndogo na wasikilize mtetemo wa wa-wa-wa kati yao. Mmoja alegeze midomo polepole mpaka mtetemo upotee. Kifaa cha umeme cha kupimia sauti hakihitajiki, na sikio linalojifunza hivyo halisahau.

Nani ananyamaza

Sasa ile hesabu ya midomo. Tunapanga vipimo 80. Kwa mapigo 112 kwa dakika ni vipimo 28 kila dakika, yaani wimbo wa dakika tatu kasoro kidogo. Rekodi ni ya haraka zaidi, kwenye mapigo kama 124. Fundisheni kwenye 96, pigeni mbele ya watu kwenye 112, na siku mkifika 124 bila pumzi ya wizi mtakuwa mmekua.

Vipimo 8 vya mwanzo ni tuba na yufoniamu (ndugu mdogo wa tuba) peke yao wakipiga rifu mara nne, dramu kubwa ikiingia kwenye mara ya tatu. Ubeti wa kwanza, vipimo 16: tuba inaendelea na rifu kwa sauti ndogo, tromboni ya kwanza na yufoniamu wanabeba sauti ya mwimbaji, tarumbeta kimya kabisa. Daraja, vipimo 4, wote. Rifu kubwa, vipimo 8, wote. Ubeti wa pili, 16: tarumbeta ya pili inabeba sauti ya mwimbaji kwa vipimo 8, ya kwanza inapokea 8 vinavyobaki, tromboni zinapumzika. Daraja 4 tena. Kisha vipimo 4 vya dramu pekee na makofi, ambavyo watazamaji watavipenda kwa sababu zisizo sahihi: wanadhani ni ufundi, kumbe ni midomo kumi na moja inapumua. Rifu kubwa ya mwisho, 16. Mkia, 4.

Hesabu tarumbeta ya kwanza: inapiga vipimo 44 kati ya 80, na kipande chake kirefu zaidi bila kupumzika ni vile 20 vya mwisho, kama sekunde 43. Hicho kinabebeka. Ukimpa rifu tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu ndiye mpigaji wako bora, utakuwa umemchosha mpigaji wako bora kabla ya mahali unapomhitaji.

Sauti ya mwimbaji ina taabu yake. Nyimbo za roki huimbwa kwa kurudia noti moja mara nyingi, maneno yakibadilika juu yake. Ukiondoa maneno unabaki na tarumbeta inayogonga noti ileile mara sita kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Punguza marudio: acha yale yanayoangukia mapigo makuu na lile linaloanza sentensi. Au gawa sentensi katikati, tromboni iulize na yufoniamu ijibu. Kubadilisha chombo kunafanya kazi ambayo maneno yalikuwa yanafanya.

Ukubwa wa sauti nao uuandike kwa idadi ya watu kuliko kwa alama za nguvu. Mtoto akiambiwa "kwa nguvu" anapuliza hadi shingo inavimba, noti inapanda na kupasuka. Akiambiwa apige vilevile huku wenzake watano wakiingia, ukumbi unajaa na hakuna aliyejiumiza.

Kitu kimoja zaidi kuhusu ugawaji: hakuna sauti ya lazima ibebwe na mtoto mmoja. Siku ya onyesho kuna atakayeumwa na kuna atakayesafiri na wazazi. Kila mstari muhimu uandike kwa noti ndogo kwenye karatasi ya mwenzake pia, ili aruke pale inapobidi.

Karatasi ya nani inasema nini

Andika mistari mitano, si kumi na miwili. Wa kwanza na wa pili ni tarumbeta. Wa tatu ni wa kati, na huu ndio unaoleta taabu kwa sababu huwezi kujua utapata chombo gani. Uweke ndani ya B flati hadi F zinazosikika chini na juu kidogo ya C ya katikati ya kinanda. Kwa tarumbeta ya tatu hiyo itakuwa C hadi G kwa maandishi. Kwa honi ya F, F hadi C. Kwa honi ya E flati, G hadi D. Noti tano tu, zinazompa kila mmoja wao mahali pa starehe. Mstari wa nne ni tromboni na yufoniamu, wa tano tuba. G maina yenyewe itasomeka A maina kwa vyombo vya B flati, D maina kwa honi ya F, E maina kwa vya E flati.

Kabla hujachapisha lolote, uliza kikundi kinasoma vipi. Bendi zilizofuata mtindo wa Kiingereza, Jeshi la Wokovu likiwemo, huandika karibu kila chombo kwa alama ya ufunguo wa sauti ya juu (ile ya G mwanzoni mwa mistari), hata tuba, na noti ya vali wazi kwenye tarumbeta huitwa C. Vikundi vya tarumbeta vya makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani husoma noti kama inavyosikika kwenye kinanda, kwa hiyo noti hiyohiyo ya vali wazi kwao ni B flati, na mazoea hayo yamewafuata waliofundishwa nao. Ukiwakalisha watoto wa malezi hayo mawili mbele ya karatasi moja, watapiga toni nzima mbali, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba mwenzake ndiye kiziwi. Swali la kuwabaini ni jepesi: "Ukiacha vali zote wazi, noti ya chini unaiitaje?"

Programu ya kuandika noti ya MuseScore ni ya bure na itahamisha funguo yenyewe ukiiambia ni chombo gani. Ina kasoro moja: inapiga kila ulichoandika bila kuchoka. Kompyuta haina midomo. Sikiliza mpangilio wako mara moja kwenye spika, kisha kaa na saa uimbe mstari wa tarumbeta ya kwanza mwanzo hadi mwisho, ukipumua pale tu ulipoandika mapumziko. Ukikosa pumzi wewe mtu mzima usiye na chombo, jibu unalo.

Karatasi iwe upande mmoja wa A4 kwa kila mpigaji, herufi kubwa A, B, C kila sehemu inapoanza, na namba ya kipimo mwanzoni mwa kila mstari. Vibanio vya nguo viwili kwa kila stendi kama mnapiga nje.

Dramu, na nyimbo nyingine kwa haraka

Mpiga dramu mmoja mwenye seti kamili anaweza kuwazima watoto kumi na mmoja wa kupuliza, hasa ukumbini. Kama mna dramu kubwa, dramu ndogo na toazi za bendi ya gwaride, wapeni watoto watatu, kila mmoja na kazi moja: kubwa kwenye mapigo yote manne, ndogo kwenye la 2 na la 4, toazi mwanzo wa kila sehemu tu. Khanga iliyokunjwa ikifungwa kwenye ngozi ya dramu kubwa inakata mvumo unaomeza tuba.

Mkimaliza huu, "Smoke on the Water" ya Deep Purple, ya 1972, iko G maina tayari, na rifu yake inatembea kwa noti mbili sambamba zilizo umbali wa nne, kama so hadi do iliyo juu yake. Tarumbeta ya kwanza inasoma A, C, D na E flati, ya pili E, G, A na B flati chini yake. "We Will Rock You" ya Queen, ya 1977, ni miguu na makofi karibu wimbo mzima, hivyo iweke katikati ya onyesho kama kitanda cha midomo. "The Final Countdown" ya Europe, ya 1986, ndiyo ambayo kila mtoto wa tarumbeta ataiomba. Iko F shapu maina, ambayo kwake ni shapu tano. Ipandishe nusu toni iwe G maina na vidole vitapona, lakini zile noti za haraka za mwanzo zinataka ulimi wa mwaka wa tatu au wa nne. Mwambie asubiri.

Na wimbo una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 zote zinaweka kubadili na kupanga upya kazi ndani ya haki za mwenye kazi, na leseni ya kupiga muziki hadharani ni jambo jingine kabisa. Kwa nyimbo kubwa kama hizi mara nyingi kuna mipangilio iliyochapishwa inayouzwa. Iangalieni kwanza, isipotosha midomo ya watoto wenu, andikeni kwa kampuni inayosimamia wimbo kuomba ruhusa kabla ya kugawa nakala.

Kwenye ule mkia wa vipimo vinne, jizuie kuandika kodi kubwa ya mwisho ya noti nzima. Watoto wamechoka, watatu watapasua, na hicho ndicho watu wataondoka nacho. Andika G moja, wote, oktava tatu, robo yenye mkazo kwenye pigo la kwanza, dramu kubwa na ndogo pamoja nao, toazi ikikamatwa kwa mikono papo hapo. Kisha mapumziko ya mapigo matatu, yaandikwe kabisa kwenye kila karatasi, vyombo vikiwa bado midomoni.